Nilimpunja mjane kilo zake, na mpaka leo ananishukuru

Shikamoo Mwalimu,

Nakuandikia usiku, mama watoto amelala. Mimi ni baba wa miaka 46, Mkatoliki niliyebatizwa mtoto, mkazi wa kijiji kimoja wilaya ya Masasi. Kwenye chama chetu cha msingi cha ushirika mimi ni karani wa mizani. Korosho zikiletwa ghalani ndiye ninayepima, ninayeandika daftarini na kumkatia mkulima stakabadhi yake. Kanisani ni mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo, huu ni mwaka wa nne.

Dhambi yangu ni hii. Kwa misimu kadhaa nilikuwa nakata kilo. Gunia likisoma 84, mimi naandika 80. Kilo zilizobaki naziandika kwa jina la binamu yangu, ambaye shamba lake ni kipande tu, lakini daftarini lilikuwa linazaa kuliko mashamba ya wakubwa. Fedha zikiingia benki kwake, tunagawana. Sikumkata kila mtu. Wanaojua kusoma mizani niliwaogopa. Niliwakata wazee, wajane, na wale wanaofika jioni na haraka ya kurudi kabla ya giza.

Katika wote hao yuko Bibi mmoja. Si ndugu yangu wa damu, ila kijiji kizima tunamwita Bibi. Ni Mwislamu, mumewe alishafariki, alibaki na mjukuu wa kiume. Msimu wa 2018, ule ambao serikali ilitangaza kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, Bibi alileta magunia 9. Nilimkata kilo nne kila gunia. Alisimama pembeni ya mizani akaniuliza, "Zimefika ngapi, mwanangu?" Nikamtajia. Akasema, "Alhamdulillahi." Ile karatasi akaikunja ndogo, akaitia kwenye pindo la kanga, akafunga fundo kwa meno.

Mjukuu wake alikuwa amefaulu kwenda kidato cha kwanza. Malipo yalichelewa, na yalipofika hayakutosha. Palikosekana sare, palikosekana godoro. Alikwenda shule wiki mbili, akarudi nyumbani, hakwenda tena. Sisemi kilo zile 36 pekee ndizo zilizomrudisha. Lakini siwezi kuapa kwamba hazikuchangia.

Mchezo huo niliuacha mwaka 2021. Nisikudanganye, niliacha kwa kuogopa wakaguzi, si kwa kumwogopa Mungu.

Sasa lililonifika. Mwezi uliopita nilitoka mazishini, nikapanda bodaboda. Dereva alivaa kofia na kitambaa cha kuzuia vumbi, sikumtambua. Tulipofika natoa elfu mbili, akaushika mkono wangu akaurudisha. "Mzee, yako siwezi kuchukua. Bibi anasema pale chamani wewe ndiye uliyekuwa unampimia kwa haki." Akawasha pikipiki akaondoka. Nilibaki barabarani na ile noti mkononi mpaka mtu akaniuliza kama ninaumwa.

Tangu siku hiyo sina usingizi. Ijumaa saa tisa alasiri naongoza Rozari ya Huruma kwenye jumuiya. Nikifika "utuhurumie sisi na dunia nzima" sauti inakatika, wenzangu wanadhani ni ibada imenizidi.

Kuungama huwa nakwenda, Noeli na Pasaka. Nasema hasira, nasema uvivu wa sala, nasema niliwahi kuzidisha uraka, pombe ile ya mabibo. Hili nalificha. Na komunyo napokea kila Jumapili. Paroko wetu anaijua sauti yangu, akija kigangoni anakula kwangu. Nikimwambia, nitakaa naye mezani vipi? Na uenyekiti si atanivua?

Nilikwenda mjini kwa mhubiri mmoja anayeombea watu usiku. Akaniambia deni la namna hii linafungwa kwa sadaka ya laki tatu, na nisimwambie mtu. Sijaitoa. Wazo langu mimi ni hili: nianze kumpelekea Bibi vitu kidogo kidogo, mchele, sukari, hela ya hospitali, kama msaada wa kawaida, bila kusema kitu. Nikishamaliza deni ndipo niende kuungama nikiwa na uso. Je, ni sawa? Na kweli Mungu anamsamehe mtu aliyepokea Mwili wa Bwana miaka yote hiyo akiwa na jambo kama hili tumboni?

Mimi, Karani wa Masasi


Marahaba, mwanangu.

Nianze na hizo laki tatu ili zisitukalie njiani. Usizitoe. Chukua kalamu: kilo 36 mara shilingi 3,300 ni 118,800. Huyo mtu anakutaka utoe zaidi ya mara mbili ya deni la Bibi, na hata shilingi moja haifiki uani kwa Bibi. Halafu anakuambia usimwambie mtu. Mungu tunayemhubiri hakuwahi kupokea sadaka ili amsaidie mwizi kukaa na mali ya mjane. Yamekwisha hayo.

Sasa wazo lako mwenyewe. Naliona limetoka moyoni, wala silidharau, lakini limekaa kinyumenyume. Unataka ulipe kwanza, upate uso, ndipo umwendee Mungu. Mwanangu, uso hupewi na mchele. Umkumbuke yule kijana wa Luka 15, aliyetapanya urithi akaishia kuchunga nguruwe. Alipozingatia moyoni alitunga maneno ya kwenda kumwambia baba yake. Nimekosa juu ya mbingu na mbele yako. Sistahili kuitwa mwana wako tena. Unifanye kama mmoja wa watumishi wako. Fungua Biblia uone mwenyewe alipofika nyumbani alisema nini. Alisema la kwanza, akasema la pili. Lile la kufanywa mtumishi hakulifikia, baba alishamkumbatia na kuanza kuagiza joho na pete. Wewe unataka kuingia kwa hilo neno la tatu. Unataka uajiriwe kwanza, ufanye kazi, deni likiisha ndipo uitwe mwana. Baba hajafungua nafasi hiyo ya kazi.

Mwangalie pia Zakayo, maana huyo ndiye mwenzako hasa, mtu wa daftari na fedha za watu. Watu wengi wanakumbuka ahadi yake ya kurudisha mara nne, wanasahau aliitoa lini. Aliitoa Yesu akiwa amekwisha sema, "Leo imenipasa kushinda nyumbani mwako," akashuka mtini mbio, akampokea kwa furaha, na watu nje wakaanza kunung'unika. Hakulipa ili Yesu aje. Yesu alikuja, na mkono wa Zakayo ukafunguka wenyewe. Kwa hiyo jibu langu juu ya mpangilio ni hilo: ungama kwanza. Wiki hii. Kulipa kutafuata, na kutafuata kweli, nitakuja huko wala sitakuonea haya.

Umeniuliza kama Mungu anasamehe na hilo la komunyo. Anasamehe. Kupokea Ekaristi ukiwa unajua una dhambi kubwa usiyoiungama ni kosa zito, Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho hivyo hivyo bila kupakapaka. Lakini siijui dhambi ambayo mtu aliileta kwa majuto kwenye kitubio, Mungu akasema hii hapana. Petro alimkana Bwana mara tatu mbele ya kijakazi na watu wengine, usiku ule ule aliokula naye karamu ya mwisho. Papa Fransisko, siku chache tu baada ya kuchaguliwa mwaka 2013, aliwaambia watu pale uwanja wa Mtakatifu Petro kwamba Mungu hachoki kutusamehe, ni sisi tunaochoka kumwomba. Wewe hukuchoka kuomba. Wewe umekuwa ukiomba huku umeficha mkono mmoja mgongoni. Hiyo Rozari ya Huruma unayoiongoza tumeipata kwa Mtakatifu Faustina, mtawa wa Poland aliyefariki mwaka 1938 akiwa na miaka 33. Kila chembe unamwombea mkosefu huruma. Mkosefu huyo ni wewe, na sauti inayokukatika Ijumaa siyo adhabu. Naona ni maombi yenyewe yameanza kukuingia.

Na usijisumbue kwamba uliacha kwa kuwaogopa wakaguzi. Huko ilikuwa kuacha tu. Majuto yamekuja mwezi uliopita barabarani, na noti ya elfu mbili mkononi. Hata mtu ambaye majuto yake ni ya kuogopa adhabu ya Mungu tu, Kanisa linafundisha kwamba yanatosha kumfikisha kwenye kitubio, na sakramenti yenyewe itamwongezea kilichopungua. Usikae nyumbani ukipima majuto yako kama unavyopima magunia.

Sasa tuongee juu ya kuficha, maana hapa wengi wanakwama. Yale maungamo ya Noeli na Pasaka, kwa kuwa ulificha dhambi kubwa kwa makusudi, hayakukuondolea kitu. Kusahau ni jambo jingine, aliyesahau amesamehewa. Aliyeficha ni kama mgonjwa anayekwenda zahanati na kidonda mguuni akamwonyesha daktari kikohozi. Kwa hiyo utakapokwenda, sema wazi: tangu msimu fulani nimekuwa nikificha jambo hili katika maungamo, na nimekuwa nikipokea komunyo. Halafu useme na dhambi nyingine kubwa za kipindi hicho, kwa kadiri unavyozikumbuka. Huhitaji hesabu ya kila gunia. "Kwa misimu mitatu, wakulima wengi, hasa wazee" inatosha, na padre akitaka kujua zaidi atakuuliza. Mpaka ufanye hivyo, Jumapili baki kwenye benchi. Watu watakuangalia, na waangalie.

Paroko wako. Hofu hii naijua vizuri kuliko unavyodhani, na nitakueleza kwa nini. Lakini kwanza ujue sheria, maana wewe ni mtu wa maandishi. Kanuni ya 983 ya Sheria za Kanisa inasema siri ya maungamo haivunjwi, na muungamishi haruhusiwi kumfichua mtubuji kwa neno wala kwa namna nyingine yoyote, kwa sababu yoyote ile. Padre anayeivunja moja kwa moja anatengwa na Kanisa papo hapo. Inayofuata, ya 984, ndiyo inayokuhusu wewe zaidi. Inamkataza padre kutumia alichokisikia kwenye maungamo kwa kumdhuru aliyeungama, hata kama hakuna hatari ya siri kutoka, na mwenye madaraka haruhusiwi kukitumia katika kuongoza. Maana yake, paroko hawezi kukuvua uenyekiti kwa hilo. Hawezi hata kukupunguzia kazi kwa hilo. Mezani kwako hataligusa, labda ulianzishe wewe. Uenyekiti ukiona unakuchoma, zungumza na muungamishi, na ukiuacha uuache mwenyewe, ila si wiki hii, usije ukafanya kuacha cheo ndiyo toba yenyewe.

Unaogopa pia polisi, ingawa hukuandika. Mwaka 2019 Idara ya Toba ya Kitume kule Roma ilikumbusha kwamba padre haruhusiwi kamwe kumwekea mtubuji sharti la kujipeleka kwenye vyombo vya dola ili apate maondoleo. Hatakuambia hivyo. Kulipa atakuambia.

Na hakuna anayekulazimisha kuungama kwa paroko wako. Nenda parokia nyingine, au panda gari mpaka Ndanda kwa Wabenediktini. Misheni yao pale ilianza mwaka 1906, na kati ya wakulima wa korosho wenye mambo mazito kifuani hutakuwa wa kwanza. Wavu upo, piga magoti nyuma yake, hakuna anayekudai uonyeshe sura.

Nimesema naijua hofu hii. Mwaka 1984 nilikuwa katekista kijana wa kigango. Mambo yalikuwa magumu, sabuni yenyewe tulikuwa tunapanga foleni. Waamini walileta sadaka ya mavuno, mtama, ukawekwa chumbani kwangu ungoje gari la misheni. Niliuza madebe manne. Nilinunua tairi la baiskeli na shati, nikamwambia padre panya wameharibu. Miaka mitatu nilifundisha watoto Amri ya Saba nikiwa nimevaa lile shati. Wakati wa "Nakuungamia Mungu Mwenyezi" napiga kifua pamoja na wote, nimekosa mimi, nimekosa mimi, na mkono unagusa kitambaa kile kile.

Nilipozidiwa nilitembea asubuhi mpaka misheni nyingine ambako sikufahamika. Kiti cha maungamo kilikuwa cha mninga, na wavu wake ulikuwa umetoboka pembeni, tundu la kupitisha kidole. Nikakodolea tundu lile muda wote. Nilimaliza kusema, padre akakaa kimya. Halafu akaniuliza swali moja tu, "Huo mtama ulikuwa wa nani?" Nikasema, wa kigango. Akasema, "Nani kigangoni?" Ikabidi nianze kuwataja. Mama fulani aliyeleta ungo mmoja. Mzee fulani asiyeona, aliyeongozwa na mtoto. Nilitaja majina kama saba nikashindwa kuendelea, nikalia. Akaniacha nilie. Ndipo akanipa kitubio: msimu unaofuata nilime kipande changu, nitoe madebe sita, nimwambie paroko wangu ukweli kwa wakati nitakaouweza. Halafu akaniondolea, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Madebe sita hayakuwepo bado. Mtama haukuwa hata umepandwa. Nilitoka pale nimesamehewa na shamba sijalifyeka, nikalifyeka nikiimba. Nakwambia haya kwa sababu ni kweli, na kwa sababu mpaka leo nikiona mtama umeanikwa namkumbuka Mungu kabla sijaikumbuka aibu yangu.

Haya, kulipa. Katekisimu ya Kanisa inasema maondoleo yanaondoa dhambi lakini hayatengenezi kila kilichoharibika, na kwamba cha wizi kirudishwe, chenyewe au thamani yake, pamoja na faida ambayo mwenyewe angeipata. Kwenye kitabu cha Hesabu sura ya 5, Mungu alimwagiza Musa kwamba aliyemkosea mwenzake aungame, arudishe kamili, na aongeze sehemu ya tano. Kwa Bibi hiyo ni 118,800, na sehemu ya tano yake ni 23,760, jumla 142,560. Hatufungwi na sheria ile ya zamani neno kwa neno, na shilingi ya 2018 siyo ya leo, kwa hiyo mimi naiona hiyo kama sakafu. Juu yake jadiliana na muungamishi. Zakayo angetoa 475,200.

Binamu yako alikula nusu, lakini kalamu ilikuwa yako. Mwambie, mwombe alete sehemu yake. Akikataa, Bibi asipunjwe mara ya pili kwa ajili ya ugomvi wenu. Lipa yote. Na wale wengine, tafuta madaftari, ungali unaweza kuyapata. Unaowakumbuka walipe, waliofariki walipe warithi wao, na ambao huwezi kabisa kuwajua, kadiria kwa haki na uwape maskini. Si kwa jina lako.

Nimekaa sana kwenye hilo neno lako, "kama msaada wa kawaida". Hapo nakuomba unisikilize kama baba. Ulichukua kilo. Bibi hakujua, akakupa na shukrani juu yake, akamfundisha na mjukuu akushukuru. Sasa ukimpelekea sukari na mchele kwa jina la msaada, atakuombea dua. Atawaambia majirani, karani ana huruma. Utakuwa umemlipa kilo zake kwa kumchukulia shukrani nyingine isiyo yako, na hiyo utairudisha kwa mizani gani? Mali yake usiiite zawadi.

Kanisa halikulazimishi kujitangaza. Unaweza kumpa padre fedha, azifikishe kwa Bibi kama haki yake iliyokuwa imepotea, bila kutaja jina, na deni limelipwa. Watu wengi wanafanya hivyo, na kwa wale wakulima wengine nakushauri ufanye hivyo hivyo. Ila kwa Bibi, baada ya yale maneno ya kwenye bodaboda, mimi nisingekuficha: nenda useme. Si sheria, ni shauri langu. Umebeba sifa yake mgongoni na yeye peke yake ndiye awezaye kukushusha.

Usiende peke yako. Kwetu kusini unajua nani anapeleka jambo zito. Mchukue mjomba wako, mweleze yote kabla, yeye ndiye afungue mdomo, wewe umalizie. Nenda asubuhi, Bibi akiwa hana wageni. Fedha ziwe kamili siku hiyo, zisiwe ahadi. Usilete maelezo ya maisha yalikuwa magumu, maisha yake yalikuwa magumu kuliko yako. Sema, "Bibi, msimu ule nilikukata kilo 36. Hii ni haki yako na nyongeza yake. Naomba unisamehe." Kisha nyamaza. Atakuelewa vizuri sana, pengine kuliko sisi. Jirani zetu Waislamu wamefundishwa tangu madrasa kwamba haki ya mja haisameheki hivi hivi mpaka mja mwenyewe aridhike. Anaweza kukusamehe hapo hapo. Anaweza kukufukuza. Akikufukuza, ondoka kwa adabu, fedha ziachwe. Msamaha wa Mungu utakuwa umekwisha kuupata, na wa Bibi una siku yake, usiudai kama riba.

Mjukuu. Hapa sina hesabu. Masomo aliyoyakosa hayarudishwi na shilingi, na mimi sitakudanganya kwamba kuna kitubio kinachoyarudisha. Hilo utaishi nalo. Lakini ni kijana wa miaka ishirini na kitu, maisha yake bado. VETA wapo Mtwara na Lindi, wanafundisha ufundi wa magari, umeme, uchomeleaji. Ukiweza, baada ya Bibi kujua yote na si kabla, muulize kama angependa kusoma, ulipie. Muulize. Pengine pikipiki inamtosha na ana mipango yake, usimgeuze kuwa dawa ya usingizi wako.

Mama watoto anapaswa kujua, kwa sababu fedha hizi zitatoka kwenye nyumba yake. Mwambie baada ya kuungama, kabla ya kwenda kwa Bibi.

Jambo la mwisho ni mizani. Oktoba hiyo inakuja, na magunia yatarudi mlangoni. Kwenye sala ya kutubu tunasema "sitaki kukosa tena", na asiyetaka kukosa tena haachi mlango wazi. Kama unajijua dhaifu, omba kazi nyingine. Kama unabaki, igeuze mizani imwelekee mkulima, umwache asome mwenyewe, na asiyejua kusoma asomewe na mtu wake wala si na wewe. Andika mbele yake, sema namba kwa sauti. Wenzako chamani watachukia. Hilo nalo lihesabu katika kitubio chako.

Wakati unakwenda, usitunge maneno mengi njiani. Ukipiga magoti na ulimi ukagoma, anza na hili tu: "Padre, kuna jambo nimelificha." Yeye atakusaidia mengine. Zile 142,560 ziache nyumbani siku hiyo.

Wako katika Kristo,
Mwalimu